Mlinzi Asiyekula Yamini

Katika ofisi ya kago ya Mzee Marhun, pale Naif, Dubai, yamini ililiwa kama chakula cha mchana: kwa foleni na bila maneno mengi. Katoni ikipotea, televisheni ikifika Unguja imepasuka, mzigo wa Tanga ukionekana Mtwara, Mzee hakuita polisi wala hakupandisha sauti. Alifunga mlango wa mbele akawaita watu wote. Waislamu walitia udhu wakaweka mkono juu ya msahafu. Wakristo waliwekewa Biblia ya Kiswahili, ambayo Mzee aliinunua mwenyewe kwa kazi hiyo. Kila mtu aliapa kwamba hakuchukua, hakuona na hajui. Mara nyingi zamu ilikuwa haijamfikia mwenye kosa, naye keshaanza kutokwa na kamasi.

Ndivyo alivyofanya marehemu baba yake katika duka lao la Darajani, Unguja, na ndivyo alivyofanya yeye tangu alipohamia Dubai akiwa kijana. Binti yake Hilwa, ambaye ndiye hasa aliyeiendesha ofisi, hakuona sababu ya kubadilisha utaratibu uliokuwa ukifanya kazi.

Hilwa hakupenda kuzungushwa. Alikuwa na diploma ya usafirishaji wa mizigo, sauti ya kukata, na mtoto mmoja tu, Humam, kijana wa miaka ishirini na minne aliyepeleka vifurushi mahotelini na uwanja wa ndege. Mteja akianza kumhadithia habari za shangazi yake mgonjwa, Hilwa alimkatiza: "Pole. Kilo ngapi, na unakwenda wapi?"

Jumanne kikapotea kitu ambacho hakikuwa hata na kilo. Bi Mawadda, jirani yao wa Bur Dubai, alikuwa amemwekea Mzee amana: kasha jekundu la mahameli, ndani yake seti ya dhahabu ya bibi harusi, mkufu na vipuli na bangili. Mzee mwenyewe angesafiri nalo Unguja wiki inayofuata, amkabidhi mpwa wa Bi Mawadda mkononi. Kasha lilikaa katika kabati la chuma. Kabati lilikuwa na funguo mbili, mmoja wa Hilwa, mmoja wa Naftali mlinzi. Hilwa alipolifungua asubuhi ile kutafuta stakabadhi, kasha halikuwepo, na kufuli halikuwa na hata mkwaruzo. Bi Mawadda akapigiwa simu siku ile ile.

Jumatano mlango ukafungwa.

Jaafar, mfungaji mizigo kutoka Mombasa, aliapa wa kwanza, mkono umenyooka juu ya msahafu. Mercyline wa mapokezi, Mkenya wa Kakamega, aliapa kwa nguvu mpaka Humam, aliyekuwa amemshikia Biblia, akarudi nyuma hatua moja. Kisha ikafika zamu ya Naftali. Alikuwa mtu mrefu, mpole, wa Migori, aliyelinda ghala lao mwaka wa tatu sasa. Akavua kofia. Hakunyoosha mkono.

"Mzee, mimi sikuchukua," alisema.

"Weka mkono, useme hivyo hivyo."

"Nimeshasema, mzee. Sikuchukua, na aliyechukua simjui. Lakini kuapa siwezi."

Mzee Marhun alimtazama kama mtu aliyeambiwa kuwa jua limechomoza upande wa Sharjah likarudi. "Huwezi vipi? Una homa?"

"Dini yangu hainiruhusu."

"Hii si Biblia yenu?" Humam akauliza.

"Ni yetu. Ndiyo inayonikataza."

Mercyline akaguna. "Naftali, wacha hizo. Mimi nimeapa na Biblia ni hiyo hiyo. Weka mkono turudi kazini."

"Wewe apa, dada. Mimi siapi."

Mzee alimpa nafasi mara tatu, kwa upole, kwa sababu alikuwa mtu wa haki na alimpenda yule mlinzi. Mara ya tatu akaifunga Biblia mwenyewe. "Mkweli hana sababu ya kuogopa kumtaja Mungu," alisema. "Anayekimbia yamini amejihukumu kwa mdomo wake. Kwa kadhi ndivyo, na kwangu ndivyo. Polisi siwaiti, sina shahidi. Lakini Ijumaa baada ya sala nitaifuta viza yake, arudi kwao. Khalas."

Naftali akavaa kofia yake akarudi mlangoni kulinda. Hilo ndilo lililomkera Hilwa. Angetarajia mwizi alie, au mtu aliyeonewa atukane. Huyu alikwenda kukaa kwenye kiti chake cha plastiki na kumwonyesha mteja wa Kampala mahali pa kuegesha toroli.

Hilwa alimfuata Mercyline jikoni, kichumba chenye birika na sinki, ambamo watu wawili wakisimama wa tatu hageuki.

"Mkristo gani asiyeapa?"

"Madam, huyo ni Mennonite." Mercyline alitia majani ya chai kwenye birika. "Wako huko Migori na upande wa Tanzania, Musoma. Watu poa, lakini wako na masharti. Hawaapi, hawashiki silaha, hawapigani. Hujawahi kujiuliza kwa nini hana rungu?"

"Nilidhani limepotea."

"Alilikataa! Siku ya kwanza kabisa. Nilimwambia, Naftali, mlinzi bila rungu ni mgeni tu aliyekalia kiti. Akaniambia, mtu akija usiku nitamsalimia kwanza." Akacheka, kisha akaacha. "Madam, ana watoto wawili. Nyumba yake imefika kwenye linta, haijaezekwa. Akirudishwa na jina la mwizi, hapati kazi nyingine Dubai wala Doha wala popote."

"Wewe unaonaje? Kachukua?"

"Mimi nimeapa sijui, basi sijui," Mercyline alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini: "Lakini ningeachwa na dhahabu na huyo mtu kwenye chumba kimoja, ningelala usingizi."

Jioni ile Hilwa alivuka hori kurudi nyumbani Bur Dubai, akaweka wali motoni, akafungua simu. Alikusudia kusoma dakika moja tu. Alitaka kujua kama watu hawa wapo kweli au mlinzi kajitungia dini.

Walikuwepo. Walikuwepo tangu miaka mia tano iliyopita. Aliona picha za kale zilizochorwa kwa wino: wanawake wenye vitambaa kichwani wakisukumwa kutoka mashuani, wanaume wamefungwa mikono kwenye magoti. Akasoma kwamba katika mji wa Zurich, wakati Wazungu wa huko walikuwa wanaachana na Papa na kila mtu na msimamo wake, kikundi cha vijana kilikutana katika nyumba moja wakamiminiana maji kichwani upya. Walisema ubatizo waliopewa wachanga haukuwa kitu, kwa sababu mtoto hajui anachokubali. Watu wakawaita Waanabaptisti, yaani wanaobatiza mara ya pili, na ndio waliozaa Wamennonite wa leo. Na baraza la mji, ambalo nalo lilikuwa la Waprotestanti, likaamua kuwa anayependa sana maji apewe maji ya kumtosha. Wakawazamisha mtoni.

"Kwa maji tu?" Hilwa akaiuliza simu.

Hakuridhika. Mtu hauawi kwa sababu ya kikombe cha maji, lazima kuna kitu nyuma yake. Akaendelea, kidole kinapandisha maandishi, mpaka akakipata. Katika miji ile, mtoto akibatizwa alikuwa ameingizwa kanisani na mjini kwa pamoja. Kukataa kubatiza mtoto kulikuwa kama kukataa kumwandikisha kuwa raia. Na kila mwaka wenye mji walikusanyika uwanjani, wakainua mkono, wakaapa kwa Mungu kuutii mji na kuushikia silaha. Watu hawa walisimama hapo hapo, mikono imeshuka. Hawakufanya fujo. Hawakuiba. Hawakuapa, basi. Na mji mzima uliwaogopa kuliko wezi, kwa sababu mwizi akikamatwa walau anajua kuwa ameiba.

Hilwa alinusa harufu. Wali ulikuwa umeungua mpaka juu.

"Mama, unapika au unachoma matofali?" Humam aliuliza kutoka sebuleni.

"Kula mkate. Njoo usome hapa, uone watu."

"Nimechoka," Humam alisema, akaingia chumbani kwake. Hata mkate hakula.

Alhamisi Hilwa aliingia ghalani kabla ya wateja. Naftali alikuwa akipanga magunia ya nguo za mitumba yaliyokuwa yamelala vibaya. Hilwa akaketi juu ya katoni ya vyombo, akakunja mikono.

"Nimesoma habari zenu usiku. Sasa nieleze kwa maneno yako, na usinihubirie. Mimi na dini yangu tunapatana."

Naftali akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana. "Uliza, madam."

"Kuapa kuna ubaya gani? Ni kusema kweli mbele ya Mungu. Wewe unataka kusema kweli. Mungu yupo. Tatizo liko wapi?"

"Nikiapa kwamba leo nasema kweli, madam, basi siku zote nilikuwa nasema nini?"

Hilwa akakunjua mikono. "Siku zote hukuulizwa jambo kubwa."

"Nyanya yangu alitufundisha kwamba hakuna maneno ya kawaida na maneno ya kiapo. Ukiwa na mafungu mawili, lile la kawaida litaanza kuoza. Yesu alisema ndiyo yenu iwe ndiyo, na siyo yenu iwe siyo. Sisi tumechukua hivyo, bila kuongeza."

"Na wenzio Wakristo? Mercyline hakuisoma hiyo?"

"Ameisoma. Wao wanaielewa vingine. Siwezi kumhukumu."

"Na kwa hilo tu watu walikubali kuzamishwa?"

"Kwa hilo na mengine." Naftali akakalia gunia. "Kuna mama mmoja wa Uholanzi ambaye nyanya alikuwa anatuhadithia. Alikamatwa Rotterdam kwa sababu alibatizwa tena. Wakampeleka kwenye maji kumzamisha. Njiani alikuwa amembeba mtoto wake wa kiume, mchanga bado. Watu wamejaa barabarani wanatazama. Akauliza kwa sauti, nani atanilelea mwanangu? Mwoka mikate mmoja, mwenye watoto wake tele, akajitokeza akampokea. Mama akaenda zake, wakamzamisha."

Hilwa alisimama. Uso ulikuwa umemuwaka. "Huyo mwanamke hana akili!"

"Madam..."

"Hana! Angewaambia ndiyo, nimekosea, nimeacha, akarudi nyumbani na mwanawe akanyonyesha. Mungu anajua yaliyo moyoni. Kwetu mtu akilazimishwa kwa upanga akasema neno la mdomo tu, moyo wake umetulia, hana dhambi. Mtoto mchanga unampa mwoka mikate? Hata jina lake hulijui?"

"Mke wangu pia husema hivyo hivyo," Naftali alisema. "Kwa maneno makali zaidi."

"Ana akili, mkeo. Na wewe una wanao wawili. Kesho babangu anafuta viza. Sema neno moja, weka mkono, mambo yaishe! Nitamwambia Humam alete Biblia sasa hivi, hakuna atakayekuona zaidi ya sisi."

Naftali akatazama mikono yake. Hilwa aliona jasho limemtoka juu ya mdomo, na hapo ndipo alipoelewa kwamba mtu huyu alikuwa anaogopa sana, tangu Jumatano, na upole wake wote ulikuwa umekaa juu ya woga huo kama mfuniko.

"Nikiapa ili nisifukuzwe," alisema mwishowe, "nitakuwa nimesema uongo hata kama maneno ni ya kweli. Siwezi, madam. Nimejaribu usiku kucha kuweza."

Hilwa akaketi tena. Akauliza swali jingine, kwa sababu udadisi ulikuwa haujamwisha na kwa sababu hakujua la kufanya. "Huko uwanjani, kwenye miji yao. Walioapa ni kina nani? Maskini tu? Wageni?"

"Wote, nyanya alisema. Hata meya. Meya na wakubwa wa mji waliapa mbele ya watu kwamba watatenda haki, ndipo watu nao wakaapa kutii."

"Wakubwa pia."

"Ndiyo."

"Sisi hatukuapa," Hilwa alisema.

Naftali alirudi kwenye magunia yake. Alikuwa amekwisha kuliona hilo tangu Jumatano, na hakuwa mtu wa kulitaja.

Hilwa alipanda ngazi moja kwa moja. Baba yake alikuwa mezani na miwani puani, akinywa kahawa.

"Baba, yamini ya jana haikutimia."

"Mlinzi hakutaka. Nifanyeje?"

"Simsemei mlinzi. Mie sijaapa. Wewe hujaapa. Humam hajaapa. Ufunguo wa pili ni wangu, na mie ndiye niliyeona kabati tupu. Mahali popote pengine mtu wa kwanza kuulizwa ningekuwa mie."

Mzee akaweka kikombe. "Mwenye nyumba aapishwe nyumbani kwake?"

"Amana ni ya Bi Mawadda, si yetu. Kwenye amana hakuna mwenye nyumba."

Mzee Marhun alikuwa na hasira za karibu, lakini alikuwa na kitu kingine kilichokaa ndani zaidi, na Hilwa alipajua mahali pake. Aliiacha kahawa mpaka ikapoa. Kisha akavua miwani. "Umesema haki. Funga mlango."

Waliitwa wote, kama kawaida. Jaafar na Mercyline walisimama karibu na mizani, wakitazamana. Naftali alisimama mlangoni. Mzee akatia udhu, akaweka mkono juu ya msahafu, akaapa kwa sauti ile ile aliyozoea kuwaapishia wengine.

Ikawa zamu ya Hilwa. Aliweka mkono. "Wallahi, kasha la Bi Mawadda sikulichukua, aliyelichukua simjui, na ufunguo wangu sikumpa mtu..."

Akasita.

Ufunguo wake alikuwa amempa mtu. Jumapili. Alikuwa kwenye simu na wakala wa Mombasa, Humam akasema anataka mkasi mkubwa kabatini, naye akamtupia fungu zima la funguo bila kugeuka. Hakulificha jambo hilo. Halikuwa limemjia kichwani hata mara moja, kwa sababu kumpa Humam ufunguo hakukuwa kumpa mtu. Ilikuwa kama kuhamisha kitu kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto.

"Endelea," alisema Mzee.

"Ufunguo nilimpa mwanangu," Hilwa alisema. "Jumapili. Mengine ni kama nilivyosema."

Hakuna aliyemtazama Humam, na kila mtu alijua alipo.

"Mie sina udhu," Humam alisema.

"Bomba liko jikoni," alisema babu yake.

Alikwenda. Walisikia maji yakifunguliwa. Yalimwagika muda mrefu, mpaka Jaafar akaanza kusoma maandishi ya katoni ambayo aliyajua kwa moyo. Humam alirudi, mikono inachuruzika, akasimama mbele ya msahafu. Akainua mkono. Mkono ulifika nusu ya njia, ukabaki hapo.

"Siwezi, babu," alisema.

Ilimtoka kidogo kidogo. Hakuwa ameiba. Alitaka kumchumbia Maha, binti wa watu wa Al Ghusais, na alitaka sonara amtengenezee mkufu wenye umbo kama ule. Akalichukua kasha akampelekea sonara wa Soko la Dhahabu aupige picha. Kuegesha gari kule ni balaa, basi alipanda teksi. Akarudi na teksi. Alikuwa anazungumza na Maha kwenye simu, akashuka, kasha likabaki kitini. Alipokumbuka, teksi ilikuwa imekwisha kuingia kwenye msongamano wa magari kama samaki katika samaki wengine.

"Na hukupiga simu?" Hilwa aliuliza. "Teksi za Dubai? Watu hurudishiwa hata miavuli!"

"Niliogopa wangepiga ofisini kuthibitisha. Nilitaka nitafute kwanza kimya kimya. Halafu Naftali akakataa kuapa, na babu akasema..." Akajifuta mikono kwenye shati. "Nikaona limekwisha."

"Limekwisha," Hilwa alirudia. "Kwa nani?"

Alitamani kumzaba kofi, na alitamani kumficha chini ya baibui lake kama alipokuwa na miaka mitatu, na vyote viwili alivizuia kwa kuchukua simu ya mezani. Alipiga ofisi ya teksi mwenyewe. Alitaja siku, saa, mtaa, rangi ya kasha. Alihamishwa kutoka mtu mmoja kwenda mwingine, mara kwa Kiarabu, mara kwa Kiingereza, mara kwa muziki. Mwishowe akaandika kitu kwenye kiganja kwa kalamu akakata simu.

"Kuna kasha jekundu dereva alilikabidhi," alisema. "Halitolewi kwangu wala kwa huyu. Mwenye dhahabu aje mwenyewe na risiti yake. Maana yake Bi Mawadda aambiwe kila kitu, leo."

Mzee Marhun alikuwa bado amesimama. Alionekana mfupi kuliko dakika ishirini zilizopita. Alimwita Naftali aje katikati, mahali pa kuapia, naye akasimama mbele yake.

"Nilikuhukumu mbele ya watu hawa," alisema, "basi nakuomba radhi mbele yao. Mjukuu wangu kaikimbia yamini kwa sababu ana kosa. Wewe uliikimbia na huna. Miaka yote hii sikujua kuwa kuna mlango wa pili pale. Viza yako haitaguswa. Unanisamehe?"

"Nimekusamehe, mzee," Naftali alisema. "Na nimekasirika. Yote mawili ni kweli."

Mercyline akaziba mdomo. Mzee akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepewa bei kubwa lakini ya haki. "Utabaki na sisi?"

"Sijui. Nikisema ndiyo sasa, nitakuwa nimesema kwa kukuheshimu tu. Nipe mpaka Jumatatu, nizungumze na mke wangu."

"Na mimi?" Humam aliuliza. Macho yalikuwa mekundu. "Kaka Naftali, mimi je?"

Naftali alimgeukia. "Wewe nitakusamehe," alisema. "Bado. Nenda kwanza kwa yule mama."

Hilwa na mwanawe walivuka kwenda Bur Dubai saa ya joto, wakati hata paka wamejilaza chini ya magari. Njiani Hilwa hakumsemesha. Alikuwa akimfikiria mwanamke wa Rotterdam, na bado alimwona hana akili, lakini sasa alitaka kujua mengi zaidi juu yake: kama mtoto alilia, kama alishikilia nguo ya mama yake, na mama alifanya nini na mikono yake baada ya kuwa mitupu. Aliazimia kumwuliza Naftali Jumatatu, akiwepo. Kisha akamtazama Humam, urefu wote ule, ndevu zimekatwa kwa mstari, na akajua kwamba tangu azaliwe hajawahi hata mara moja kumwacha ashike mwenyewe kitu kizito.

Lifti ya jengo la Bi Mawadda ilikuwa mbovu. Walipanda kwa miguu. Kwenye ghorofa ya tatu Humam alisimama.

"Mama, nisemee wewe. Wewe anakupenda. Nitakuwa nyuma yako."

"La."

"Mwanzo tu, kisha nitaendelea mimi."

"Nimesema la. Piga kengele."

Akapiga. Bi Mawadda alifungua akiwa na kanga kichwani na mwiko mkononi, harufu ya bizari ikamtangulia. Uso ulimchanua. "Karibuni, wanangu! Pana nini, mbona mmetota jasho? Kasha langu limeonekana?"

Humam aliweka mkono kifuani. "Bibi, wallahi nakuapia, wallahi al-adhimu..."

Hilwa akamfinya mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, mahali alipokuwa akimfinya msikitini alipokuwa mdogo.

"Usimtangulize Mungu mlangoni," alisema. "Sema wewe. Ulichukua nini, ulikiacha wapi, na nani alibeba lawama yako. Sema tu."

Bi Mawadda aliushusha mwiko. Humam akamtazama mama yake, ambaye alikuwa amesogea kando akaegemea ukuta na kutazama ngazi walizopanda. Hakukuwa na mtu wa kujificha nyuma yake.

"Mimi ndiye niliyelichukua," alisema Humam.